Gari Inachemsha? Kabla Hujanunua Rejeta Jiulize Inachemsha Wakati Gani

Kila Desemba watu wakianza safari za mikoani utaziona tu, gari imewekwa pembeni ya barabara boneti juu, mvuke unafuka, baba kasimama na kidumu cha maji, watoto wako chini ya mti wanasubiri. Na kila anayepita ana dawa yake. Mmoja anasema hiyo hedi gasketi imeungua, wa pili anasema toa thamostati huku kwetu joto haina kazi, wa tatu anasema rejeta imekufa, wa nne anasema ongeza maji twende. Wote wanaongea kwa uhakika kabisa na wote wanaweza kuwa wamekosea, kwasababu hamna hata mmoja aliyeuliza swali lenyewe: ilipoanza kuchemsha ilikuwa inafanya nini? Imesimama kwenye foleni, inapanda mlima, au ndo kwanza imetoka nyumbani?

Mimi hili swali nimelijua baada ya kuumia. Carina Ti yangu ya 1998 ilianza kuchemsha, fundi wa kwanza akabadilisha rejeta, ikachemsha, nikahamia kwa fundi wa pili akafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikaenda kuskimiwa yaani kukwanguliwa inyooke, gasketi mpya, oili mpya, wiki haijaisha ikachemsha tena. Hela iliyotoka ingelipa ada ya mtoto muhula mzima. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nyaya mbili, nitaeleza mbele. Kwahiyo ninachotaka hapa ni mtu mwenye gari ya umri, na hapa kwetu ndo wengi wetu, aelewe mfumo unavyofanya kazi kiasi cha kuweza kuongea na fundi wake, siyo akabidhi funguo na kuomba Mungu.

Kwanza tuelewane maneno

Tukisema "gari inachemsha" tunachanganya vitu viwili tofauti. Kuna injini kuzidi joto, na kuna maji kuchemka. Mara nyingi vinaenda pamoja lakini siyo lazima. Maji yanaweza kuchemka na kumwagika wakati injini iko kwenye joto lake la kawaida kabisa, na injini inaweza kuzidi joto hadi ikajiharibu bila wewe kuona mvuke hata kidogo, kwasababu maji yalishaisha zamani hakuna cha kufuka. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

Sasa kwanini injini inahitaji maji. Ndani ya silinda petroli ikilipuka joto linapita nyuzi 2,000 kwa kitambo kifupi sana, na hedi ya gari nyingi ni ya aluminiamu ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Yaani bila kitu cha kuliondoa hilo joto injini ingekufa ndani ya dakika chache. Kwa makadirio ya kawaida theluthi moja ya nguvu ya mafuta unayonunua ndo inayofanya kazi ya kuzungusha injini, theluthi nyingine inatoka na moshi, na theluthi inayobaki inabebwa na maji. Ni joto jingi sana, na maji yenyewe kwenye gari ndogo ni lita 5 au 6 tu yanazunguka na kuzunguka.

Mzunguko ni huu. Watapampu inasukuma maji yapite kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hedi, yakishabeba joto yanatoka kwa mpira wa juu yanaingia kwenye rejeta, yanagawanyika kwenye vijitundu vyembamba vingi, upepo unapita katikati yake, yanapoa, yanarudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Ukitaka kuielewa rejeta mfikirie mama anayepooza chai ya mtoto, anaimimina kwenye sahani pana halafu anaipuliza. Sahani ndo rejeta, inaitandaza ipate nafasi ya kutoa joto, na pumzi ndo feni. Sahani ikiwa na uchafu au pumzi ikikosekana chai haipoi hata ungekuwa na sahani ya bei gani.

Kwenye njia hiyo kuna mlinzi wa geti anaitwa thamostati. Ndani yake ina nta, nta ikipata joto inatanuka inausukuma mlango unafunguka. Toyota nyingi unaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Injini ikiwa ya baridi geti limefungwa, maji yanazungukia ndani kwa ndani ili injini ipate joto haraka, ikishapata geti linafunguka maji yanaenda rejeta.

Mfuniko wa rejeta siyo kizibo

Hiki kitu kinadharauliwa kuliko vyote na ndo maana nakipa nafasi yake. Watu wanaona ni kifuniko cha kuzuia maji yasimwagike, kikipotea mtu anafunga na nailoni na mpira. Hapana. Ule mfuniko una springi na kazi yake ni kutunza presha. Utaona umeandikwa 0.9 au 1.1, hizo ni namba za presha.

Unajua sufuria la presha linavyoivisha maharage haraka? Ni kwasababu ndani ya presha maji hayachemki kwenye 100, yanaenda mbele zaidi ndo yachemke. Rejeta ni hivohivo. Kwa mfuniko mzima wa 0.9 maji matupu ukiwa Dar yanafika kama nyuzi 118 ndo yachemke. Sasa injini inafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 100 hivi, kwahiyo una nafasi nzuri ya usalama hapo katikati. Springi ikichoka au lile raba la ndani likipasuka, presha hamna, ile nafasi imeondoka, na gari itachemsha maji hata kama feni, rejeta na watapampu vyote ni vizima. Na ukipanda juu ndo inakuwa mbaya zaidi kwasababu kwenye miinuko maji yanachemka mapema, Mbeya mjini kwenye mita kama 1,700 maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari yenye mfuniko mbovu inayovumilia Dar inaweza ikashindwa kabisa ikifika Makambako.

Mfuniko una kazi nyingine, injini ikipoa maji yanasinyaa, na mfuniko unafungua kijimlango kidogo kuyavuta yale yaliyokimbilia kwenye rizevu, lile kopo la plastiki la akiba pembeni, yarudi. Ndo maana ukikuta rizevu inajaa mpaka inamwaga lakini rejeta ukiifungua asubuhi imepungua, mshuku mfuniko kabla hujamshuku mtu mwingine yeyote. Na bei yake ukilinganisha na vitu vingine vyote kwenye makala hii ni ndogo sana. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani, usiongeze namba ukidhani ndo nguvu zaidi, rejeta ya vichwa vya plastiki ya miaka 20 haitaki presha ambayo haikuzaliwa nayo.

Wakati ndo unaotaja ugonjwa

Haya tuje kwenye lile swali. Gari inachemsha wakati gani?

Kama inachemsha kwenye foleni, umetoka Kimara unatambaa kuelekea Ubungo geji ya joto inapanda, lakini ukipata barabara ikakimbia 80 geji inashuka yenyewe, hapo tatizo ni upepo. Ukiwa unakimbia upepo wa barabarani unapooza rejeta bila msaada, ukisimama kazi yote ni ya feni. Kwahiyo unaangalia feni na vinavyoihusu: mota, fyuzi, rilei (kile kiswichi cha umeme kinachoiwasha feni), swichi ya joto, na uchafu uliokaa katikati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Hapo katikati ndo panasahaulika sana, mbele unaona pasafi kumbe ndani pamejaa vumbi, majani na wadudu pamekuwa kama blanketi. Oshea maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ya bomba la kawaida tu, presha ya kuoshea gari inalaza yale mapezi membamba na ukishayalaza umeziba njia mwenyewe.

Kuijaribu feni ni rahisi. Washa gari washa AC, kwenye gari nyingi feni inatakiwa izunguke hapohapo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna jaribio jingine, swichi ya joto inayokaa chini ya rejeta au karibu na thamostati, ukichomoa waya wake ukaweka funguo on bila kupiga starta feni inatakiwa iwake. Ikiwaka maana yake mota na rilei viko sawa na mshukiwa ni swichi. Isipowaka shuka kwenye fyuzi, rilei, kisha mota yenyewe. Mikono na nguo mbali, feni haina taarifa.

Sasa hadithi ya nyaya mbili. Carina yangu ilikuwa inachemsha kwenye foleni tu, safari ya Morogoro nilienda nikarudi geji haikutikisika. Feni ilikuwa inazunguka, kila fundi aliiona inazunguka akaridhika. Mpaka nikamkuta mzee mmoja wa gereji ya chini ya mwembe, hakushika hata spana, akaniuliza "mwanangu, inachemsha ukiwa umesimama au ukiwa unaenda?" nikamjibu, akachukua kipande cha gazeti akakiweka mbele ya rejeta. Gazeti likapeperuka. Akanitazama akasema "hili lilitakiwa linate". Feni ya nyuma ya rejeta kazi yake ni kuvuta upepo kutoka nje uingie ndani, kumbe siku ile nilipobadilishiwa mota ya feni nyaya zilifungwa kinyume ikawa inapuliza kwenda nje, kwahiyo gari ikisimama inajipulizia joto lake yenyewe na ikikimbia feni inapigana na upepo wa barabarani. Akazibadilisha zile nyaya, gazeti likanata kama limegundishwa. Nimeendesha toka siku hiyo. Ndo maana nasema jaribio la karatasi lifanye hata kama feni unaiona inazunguka, na hakikisha lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo, wengine wanalitupa wakiona linawasumbua kufikia boliti, bila lile kava feni inavuta upepo wa pembeni badala ya kuuvuta kupitia rejeta nzima.

Kama ni kinyume chake, foleni inavumilia vizuri lakini ukishika mwendo mrefu au ukitoka Ruaha Mbuyuni kule chini kwenye joto ukaanza kupandisha Kitonga na abiria wanne na mizigo ndo geji inapanda, hapo upepo upo wa kutosha, tatizo ni maji hayapiti inavyotakiwa. Injini inatoa joto jingi na rejeta haimudu kulipokea. Mshukiwa mkuu ni rejeta iliyoziba ndani kwa kutu na chokaa ya maji ya kisima. Unaweza kuhisi kwa mkono, gari ikiwa imeshapata joto izime, kisha gusa kwa uangalifu uso wa rejeta sehemu mbalimbali, ukikuta sehemu ya moto na sehemu ya baridi kabisa katikati yake hapo vijitundu vimeziba. Rejeta za zamani za shaba mafundi walikuwa wanafungua wanapitisha fito wanazibua, hizi za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hiyo kazi ni ngumu na mara nyingi unaishia kununua nyingine.

Washukiwa wengine hapa ni thamostati inayofunguka nusu, watapampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, na mpira wa chini wa rejeta. Huu wa chini unavutwa na watapampu, ukishachoka ukawa laini unajibana wenyewe ukiongeza mwendo, ukisimama unarudi umbo lake, kwahiyo fundi akiangalia gari imesimama haoni kitu. Mwambie mtu akanyage mafuta kidogo wewe uutazame.

Ya tatu ni gari inayochemsha mapema, dakika 10 tu toka nyumbani. Hiyo mara nyingi ni thamostati imegoma kufunguka, au kuna hewa imekaa ndani, au maji yako chini, au ndo hiyo gasketi. Gusa mipira miwili: wa juu unaunguza na wa chini ni wa baridi kabisa wakati geji imeshapanda, geti halijafunguka au maji hayazunguki.

Na ya nne ni ile isiyoonekana, maji yanapungua kidogokidogo na hujui yanaenda wapi. Tafuta alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye maungio ya mipira, kwenye kichwa cha plastiki cha rejeta, na chini ya watapampu ambako kuna kijitundu maalumu kinachotoa tone pale sili yake ya ndani inapokufa. Hicho kijitundu wasikudanganye wakakiziba, kinakupa taarifa. Kwenye baadhi ya injini, mfano 3S ya RAV4 za mwanzo, watapampu inazungushwa na taiming belti kwa ndani, kwahiyo ukifikia kubadilisha belti badilisha na pampu, kazi ya kufungua ni ileile. Usisahau kuangalia zulia la miguuni kwa abiria wa mbele, likiwa na unyevu wenye harufu ya utamutamu ni rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, inavuja.

Hedi gasketi isihukumiwe bila ushahidi

Gasketi ni karatasi ngumu ya chuma na vitu vingine inayokaa katikati ya bloku na hedi, inatenganisha moto, maji na oili visikutane. Hedi ikizidi joto inapinda, na haihitaji kupinda sana, unene wa unywele unatosha, ndo moto unapata njia ya kuingia kwenye maji. Kwahiyo elewa hapa: mara nyingi gasketi kuungua ni matokeo ya kuchemsha, siyo chanzo. Ndo maana mtu anabadilisha gasketi leo na mwezi ujao imeungua tena, kilichoichemsha mwanzo hakuna aliyekigusa.

Ushahidi wake ni huu. Gari ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa, utazame, ukiona mapovu yanakuja mfululizo kama soda na hayaishi, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili toka uwashe, kabla hata injini haijapata joto, ni dalili hiyohiyo. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata baada ya gari kupata joto, wenye harufu tamu. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki. Gari kupiga miss, yaani silinda moja haiwaki vizuri, asubuhi ikiwashwa kisha ikatulia, maji yaliingia silinda usiku. Kuna na dawa ya kupimia, fundi anaiweka kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, ina rangi ya bluu, ikinusa moshi inageuka njano. Ni jaribio la dakika chache, uliza gereji kama wanayo kabla hujaruhusu hedi ifunguliwe.

Angalizo, mapovu machache mara baada ya kuongeza maji ni hewa tu, na ute mweupe kwenye mfuniko wa oili peke yake kwa gari ya safari fupifupi unaweza kuwa unyevu wa kawaida. Angalia dalili zaidi ya moja. Na hedi ikishafunguliwa lazima ipimwe kwa rula iliyonyooka na ikaguliwe nyufa, ikiwa imepasuka kuiskimu ni kupoteza hela.

Mambo tunayoambiana ambayo siyo

La thamostati ndo linanikera zaidi. "Huku ni joto, thamostati ni ya Ulaya." Fikiria tena: injini inataka nyuzi 90 hivi, Dar ikiwa kali sana ni nyuzi 34. Kwa injini hiyo 34 ni baridi. Ukitoa thamostati gari ikikimbia inabaki ya baridi, kompyuta inadhani ndo imewashwa sasahivi inaendelea kumimina petroli ya ziada, oili haifiki joto lake, injini inalika na unaona gari inakunywa mafuta. Na kuna zaidi, kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili chini ambacho ikifunguka kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita rejeta, yaani umetoa kifaa ili ipoe na ukaiongezea kuchemsha. Kuipima thamostati ni kazi ya jikoni, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto kwa uzi uitazame inafunguka, ikikataa tupa nunua nyingine.

La pili, kulanti, yale maji maalumu ya rangi ya kuweka kwenye rejeta. Kuna wanaosema ni ya nchi za barafu hatuihitaji, na kuna wanaosema inapooza kuliko maji. Wote hawako sawa. Kwa kubeba joto maji matupu yanaishinda kulanti. Lakini maji matupu yanaleta kutu, na maji ya kisima yenye chumvi yanaharibu zaidi, yanakula aluminiamu na kujaza rejeta uchafu mwekundu ule unaoujua. Kulanti inazuia kutu, inalinda sili ya watapampu na inapandisha kidogo joto la kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi unatosha, na kama kwenye chupa imeandikwa imeshachanganywa usiongeze maji. Rangi isikudanganye, kijani nyekundu na pinki ni rangi tu hazina sheria ya dunia, na ipo inayouzwa ambayo ni maji yaliyotiwa rangi. Gari ikikuishia maji njiani tia ulichonacho ufike, ila ukifika imwage uweke inayotakiwa. Na tafadhali kulanti iliyomwagika usiiache uwanjani, ile aina ya kawaida ni sumu na ladha yake ni tamu, mtoto au mbwa akiinywa inaua.

La tatu ni feni kupigwa dairekti, yaani inazunguka muda wote gari ikiwashwa. Kama msaada wa kukufikisha nyumbani naukubali kabisa. Kama ndo tiba, hapana, mota inachoka haraka, na siku ikifa hutajua mpaka geji ikwambie. La nne ni kutia yai au manjano kwenye rejeta ili kuziba tundu, inaziba kweli, na inaziba na vile vijitundu vyembamba ambavyo ndo rejeta yenyewe.

Na geji nayo usiiamini mia kwa mia. Gari nyingi geji imetengenezwa itulie katikati kwa masafa mapana ya joto, ikianza kusogea ujue mambo yameshakwenda mbali. Vigari vidogo vingi havina geji kabisa, vina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari, katikati hapo hujui kitu. Alafu sensa inapima maji, maji yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa, geji inaweza kushuka ghafla wakati injini inaungua. Geji ikipanda sana kisha ikadondoka yenyewe huku gari imepoteza nguvu, usifurahi, zima.

Ikikutokea barabarani

Ukiona inapanda zima AC, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho na feni ya hita mpaka mwisho. Utapata taabu ya joto lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili, inaweza kukuokoa mpaka pa kuegesha. Isiposhuka egesha, zima. Ukiona mvuke usifungue chochote kwa nusu saa au zaidi. Maji yako juu ya 100 ndani ya presha, ukifungua mfuniko presha inaondoka na yanageuka mvuke palepale yanakurukia usoni. Jirani yetu aliungua mkono na shingo hivyo, mfuniko aliushika na kitambaa akijua kitambaa kinatosha. Subiri mpaka mpira wa juu ukiuminya unaminyika na unaushika bila kuungua.

Maji ya baridi usimwagie injini ya moto, wala usiyajaze kwa haraka, hedi inaweza kupasuka. Ikishapoa washa, iache ikiunguruma, ongeza taratibu.

Na baada ya kujaza lazima utoe hewa, hapa ndo matengenezo mengi mazuri yanaharibika. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, mfuniko wazi gari ikiwa ya baridi, hita kwenye joto la mwisho, washa, jaza taratibu, minya minya mpira wa juu, mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza, endelea mpaka thamostati ifunguke na hita itoe upepo wa moto kweli. Hita ikitoa upepo wa baridi wakati injini ina joto, bado kuna hewa ndani. Funga mfuniko, chukua kalamu ya wino mzito uchore mstari kwenye rizevu pale maji yalipo, na kila asubuhi wiki nzima uutazame kabla hujawasha.